Mtaliana Aliyekuja Kutafuta Nyuso

Ndani ya kamusi yangu kuukuu, katikati ya kurasa zenye herufi S, kuna kadi ya posta ambayo nimeitunza tangu mwaka 1974. Niliinunua Dar es Salaam, nikiwa bado mwanachuo wa ualimu, katika duka lililokuwa likiuza vinyago na kofia za ukindu kwa wageni. Picha yake ni ya mwanamke mtu mzima aliyeketi juu ya mkeka, kanga kaifunga chini ya makwapa, usoni ana chale, na kwenye mdomo wa juu amevaa ndonya. Chini yake yamechapwa maneno machache ya Kiingereza ambayo kwa lugha yetu yana maana ya "Mwanamke wa Kimakonde". Mwanamke huyo ni bibi yangu, mzaa mama.

Nilipoileta nyumbani, mama aliishika kadi ile kwa mikono miwili, akasema, "Mama," kisha akanirudishia. Baadaye ndipo aliponieleza. Mzungu mmoja, mpita njia, alimkuta bibi sokoni Mikindani katika miaka ya 1950, akamwomba kwa mkalimani aondoe upindo wa kanga mdomoni ili ndonya ionekane. Bibi alikuwa na desturi ya kujiziba mdomo kila alipoteremka pwani, maana watoto wa mjini walikuwa wakiwacheka wanawake wa bara kwa ndonya zao. Siku ile aliufunua. Alipewa pakiti moja ya sukari. Alifariki mwaka 1966 bila kujua kwamba uso wake umekwenda hadi kwa mchapaji na kurudi ukiwa na bei.

Nimeanza na kadi hiyo, msomaji wangu, kwa sababu mwaka jana ilinibidi kuitoa tena katika kamusi. Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anasoma chuo kikuu, na alikuja kututembelea hapa Shangani akiwa na kompyuta yake ndogo na kazi aliyopewa na mwalimu wake. Alitakiwa aitazame sinema moja mashuhuri ya Ulaya, kisha aeleze ni watu gani wameonyeshwa ndani yake, wameonyeshwaje, na ni nani hawamo. "Shikamoo mjomba," akasema, "nataka nikusumbue kidogo. Sinema yenyewe imepigwa hapa kwetu Tanzania, na wewe zama hizo ulikuwepo."

Basi jioni tukaketi barazani watu watatu: mimi, yeye, na mke wangu, ambaye ni Mgogo wa Dodoma na amekaa nami pwani hii kwa zaidi ya miaka arobaini. Upepo wa bahari ulikuwa mzuri. Hata mahali tulipoketi pana habari yake, maana Shangani hii ilipangwa wakati wa ule Mpango wa Karanga, ulioanza mwaka 1947 na kuvunjika mwaka 1951, iwe makazi ya Wazungu mbele ya bahari, na sisi wengine makazi yetu yalikuwa Magomeni, Chikongola na huko nyuma. Nilipokuwa mtoto, mtu mweusi aliingia Shangani akiwa na kapu la samaki au ufagio. Leo naketi baraza ileile natazama sinema. Lakini turudi kwenye sinema.

Aliyeitengeneza ni Pier Paolo Pasolini, Mtaliana, aliyezaliwa mwaka 1922 na kuuawa mwaka 1975 huko Ostia, karibu na Roma. Alikuwa mshairi kwanza, mwandishi wa riwaya pili, na mtengenezaji wa sinema tatu, na katika yote hayo alikuwa mtu wa kugombana na wakubwa wa nchi yake. Mwishoni mwa mwaka 1968 na mwanzoni mwa mwaka 1969 alizunguka Uganda na Tanzania na kamera, na mwaka 1970 akawa ameikamilisha kazi aliyoiita *Appunti per un'Orestiade africana*, yaani madokezo tu kwa ajili ya sinema kubwa ambayo angeitengeneza baadaye. Sinema hiyo kubwa hakuitengeneza kamwe. Kilichobaki ni madokezo: picha za nyeusi na nyeupe, muda wa saa moja na ushei, na sauti yake mwenyewe akieleza juu ya picha anachokitafuta. Mwanzoni kabisa tunamwona ndani ya kioo cha duka, yeye na kamera yake, akijitazama. Nilipenda hapo. Mtu anayeanza kwa kukuonyesha kwamba yupo na ameshika mashine ni tofauti na yule aliyempiga bibi yangu picha, ambaye hata kivuli chake hakimo katika kadi.

Alichokuwa akikitafuta ni hiki. Wayunani wa kale walikuwa na mtunzi wa tamthilia aliyeitwa Aeschylus, ambaye mwaka 458 kabla ya Kristo alionyesha huko Athene kisa cha ukoo wa mfalme Agamemnon. Mfalme anarudi kutoka vita vya Troya, mkewe Clytemnestra anamuua. Mtoto wao Orestes, akishauriwa na mungu Apollo na akiungwa mkono na dada yake Electra, anamuua mama yake kulipa kisasi. Ndipo mizimu ya kisasi inapomwandama Orestes mpaka Athene, na huko mungu mke Athena anaunda baraza la raia, kesi inasikilizwa, kura zinapigwa, Orestes anaachiliwa. Mizimu ile haifukuzwi. Inabembelezwa, inapewa makazi chini ya mji, inageuka kuwa walinzi wenye baraka. Pasolini aliijua tamthilia hiyo vizuri, kwani mwaka 1960 alikuwa ameitafsiri kwa Kitaliana ili ichezwe jukwaani. Akaona kwamba Afrika iliyokuwa imetoka kupata uhuru inapita njia ileile: mila za kale zinakutana na baraza jipya la raia, na jambo jema lingekuwa si kuziua mila bali kuzigeuza.

Mpwa wangu alitaka kucheka hapo. Nilimzuia. Wazo hilo halikuwa la mgeni peke yake. Mwaka 1962 Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu chake kuhusu ujamaa akieleza kwamba msingi wake ni ule udugu wa jamaa tuliokuwa nao zamani, ambao sasa hauna budi kupanuliwa uwe wa taifa zima. Ndiyo maana Pasolini, mtu wa mrengo wa kushoto, alivutwa na Tanzania ya baada ya Azimio la Arusha. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikichagua kiwe hekalu la Apollo. Shule moja karibu na Kigoma, iliyopewa jina la Livingstone, aliionyesha kama dalili ya Afrika mpya. (Livingstone huyohuyo ndiye aliyeanza safari yake ya mwisho kwetu Mikindani mwaka 1866, kusini tumetoa misafara mingi ambayo sifa zake zimekwenda kwingine.) Kwa hiyo tusimwone Pasolini kama mtu aliyekuja kutudharau. Alikuja na tamaa njema, na ninaamini alitupenda. Tatizo lake lilikuwa mahali pengine, na lilichukua nusu saa ya kutazama kabla sijaweza kulitaja.

Anatafuta nyuso. Kamera inakwenda sokoni Kigoma, inakwenda vijijini, inamshika mzee mmoja: huyu anaweza kuwa Agamemnon. Inamshika kijana: huyu pengine Orestes. Wanapita watu mbele yetu kama ng'ombe mnadani, ingawa mnunuzi ni mpole na macho yake yana huruma. Watu wanauza, wanatembea, wanakaa, wanatazama lenzi, wala hakuna anayetaja jina lake wala kuulizwa lolote. Sauti ni moja tu, nayo inasema Kitaliana. Mke wangu, ambaye alikuwa kimya mpaka hapo, akauliza, "Mbona hawasalimii?" Akimaanisha kwamba mtu anaingia sokoni kwa watu, anawakodolea macho muda wote huo, na hatusikii hodi wala shikamoo.

Haki itendeke: hivyo ndivyo Pasolini alivyofanya kazi hata kwao. Sinema yake ya Injili ya Mathayo ya mwaka 1964 aliijaza wakulima na watu wa kawaida wa kusini mwa Italia, ambao hawakuwa wacheza sinema, akiwachagua kwa nyuso zao. Lakini humo Bikira Maria katika uzee wake alikuwa mama yake mzazi Pasolini, na jina lake, Susanna, linajulikana mpaka leo. Wale wa Italia walipewa maneno ya kusema. Wa Kigoma walipewa kutazamwa.

Na kichekesho ni kwamba nchi aliyokuwa akiitafutia nyuso haikuwa nchi isiyojua sinema. Makamu wa Pili wa Rais wakati huo alikuwa Rashidi Kawawa, mtu wa Songea, na Kawawa kabla ya kuwa mwanasiasa alikuwa mcheza sinema. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliigiza katika *Muhogo Mchungu*, na nyingine kadhaa baada yake, akizungumza Kiswahili mbele ya kamera. Wazee wetu hawakusahau hilo. Nchi ambayo nusu ya watu wake walikuwa wamekwisha kumwona kiongozi wao kwenye shuka jeupe, mgeni anaizunguka akitafuta uso usioharibiwa na uigizaji! Ninatia chumvi katika hiyo nusu, lakini nadhani umenielewa.

Sasa nije kwa Electra, maana hapo ndipo nilipoomba sinema isimamishwe.

Pasolini anasema kwamba Electra ndiye mgumu kuliko wote kumpata katika Afrika ya siku hizo. Electra ni msichana aliyefiwa na baba yake kwa kuuawa, anayekaa na uchungu na chuki moyoni, akimngoja kaka yake arudi kulipa kisasi. Na wasichana wa Kiafrika, asema Pasolini, wanaonekana hawajui lingine isipokuwa kucheka. Na kweli, kwenye picha wasichana wanacheka.

Mpwa wangu alijibu haraka kwa hasira ya ujana: wanacheka kwa sababu Mzungu amesimama mbele yao na mashine. Ni jibu sahihi wala halihitaji digrii. Lakini mimi nilikuwa nimeshaondoka barazani kwa mawazo. Nilikuwa nimerudi mwaka 1969, nina umri wa miaka kumi na sita.

Mwaka huo ng'ambo ya Mto Ruvuma kulikuwa na vita. FRELIMO walikuwa wameanza kupigana na Wareno tarehe 25 Septemba 1964 huko Chai, katika Cabo Delgado, na tangu wakati huo watu walivuka mto kuja kwetu, wengine na mizigo, wengine mikono mitupu. Wengi walikuwa Wamakonde kama sisi, ila tukiwaita Wamawia, na tukijiona bora kuliko wao, maana hakuna watu walio karibu sana hata wasiweze kudharauliana. Mtwara palikuwa na hospitali ya FRELIMO ya kutibu majeruhi. Usiku tulisikia malori. Vijiji vya mpakani havikuwa salama hata upande wetu.

Jirani yetu alimpokea binti mmoja wa umri wangu hivi, ndugu wa mbali wa ukoo. Baba yake alikuwa ameuawa na askari wa Kireno. Mama yake alikuwa ameachwa njiani, sijui kwa maradhi au kwa jeraha, maana hakuna aliyethubutu kuuliza. Kaka yake alikuwa msituni na wapiganaji. Binti yule aliteka maji asubuhi na jioni, alitwanga, alifagia, na katika miezi yote aliyokaa pale sikuwahi kuona meno yake. Akipita lori la FRELIMO alisimama mpaka lipotee, akitazama nyuma ya turubai. Alikuwa akimtafuta kaka yake.

Huyo ndiye Electra. Alikuwa kisimani Mtwara, katika nchi ileile na mwaka uleule, na mtu aliyesafiri kutoka Roma kumtafuta alikuwa Kigoma akiwatazama wasichana wa sokoni.

Sisemi Pasolini alipaswa kujua habari za kisima chetu. Lakini vita vile havikuwa siri. Tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu kilicholetwa kwa posta. Mtu aliyekuwa akitafuta kisa cha mfalme anayeuawa kwa hila, na wafuasi wanaobaki na swali la kisasi, alikuwa nacho mlangoni. Badala yake, alipotaka picha za vita vya Troya, alichukua filamu za maktaba kuhusu Biafra, mauaji ya kutisha ambayo sikuweza kuyatazama hadi mwisho. Akaieleza Biafra kwa njia ya ukabila. Tanzania ilikuwa imeitambua Biafra tarehe 13 Aprili 1968, ikiwa nchi ya kwanza kufanya hivyo, na wengi wetu tuliokuwa shuleni tulijua kwamba ndani yake mna mafuta, mna mipaka ya mkoloni, mna serikali za Ulaya zinazouza silaha. Vita vya Wareno visingeweza kuelezwa kwa ukabila. Mreno alikuwa Mzungu, mwanachama wa NATO, jirani wa Italia katika jumuiya hiyohiyo. Labda ndiyo maana Troya ikawa rahisi kupatikana Nigeria kuliko Ruvuma. Hilo ni wazo langu. Mpwa wangu aliliandika, mwalimu wake asipolikubali asinilaumu mimi.

Hata hivyo ndani ya sinema hii mna sehemu ambayo ndiyo iliyonifanya nimsamehe mengi. Pasolini alizipeleka picha zake Roma, akawakusanya wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakisoma Chuo Kikuu cha huko, akawaonyesha, kisha akawasha kamera na kuwauliza maoni yao. Na wale vijana hawakumstahi. Mmoja, Mhabeshi, akamwambia kwamba yeye anaijua Ethiopia, na Afrika si nchi moja hata mtu aizungumzie kwa mkupuo. Mwingine hakulipenda neno lenyewe "kabila" jinsi Wazungu wanavyolitumia. Wakamweleza kwamba mambo ya Nigeria si mepesi hivyo. Unamwona Pasolini akijitetea, akirudia hoja yake kwa maneno mengine, na unaona kwamba hakuwashawishi.

Angeweza kuikata sehemu hiyo. Filamu ilikuwa yake, mkasi ulikuwa wake. Hakuikata. Akaiweka katikati ya kazi yake ili kila mtazamaji, hata miaka zaidi ya hamsini baadaye barazani Shangani, asikie kwamba aliambiwa. Sijui ni wangapi miongoni mwa waliotupiga picha, au miongoni mwetu sisi walimu tuliofundisha habari za makabila kutoka vitabu vya mkoloni, wangekubali kubaki na karipio lao likisomeka. Mpwa wangu hakuridhika sana. Alisema kwamba Waafrika wanaosema ndani ya sinema hiyo wanasema Roma tu, kwa Kitaliana, na wale wa Kigoma bado wako kimya. Nikamwambia aliandike hilo pia, kwa kuwa ni kweli.

Lakini ilinibidi nimweleze na jambo jingine, ili asije akadhani kosa la kuutumia uso wa mtu ni la Mzungu peke yake. Sisi Wamakonde tuna mapiko. Lipiko ni kinyago kinachovaliwa kichwani na mchezaji wakati wa sherehe za jando na unyago, na wachongaji wetu hawakuishia kuchonga sura za wahenga. Walichonga Wahindi, Waarabu, Wazungu. Nikiwa mtoto niliona lipiko la Mzungu mwenye helmeti, pua ndefu, mashavu yamepakwa rangi nyekundu. Mchezaji alitembea ametanguliza tumbo na kila baada ya hatua chache alitazama mkono wake kama anayesoma saa. Watu walicheka hadi wakakaa chini. Hakuna aliyesema yule Mzungu ni nani, wala kama alikuwa na mama. Alikuwa "Mzungu", basi, kama bibi alivyokuwa "Mwanamke wa Kimakonde".

Je, ni sawasawa? La. Mzungu yule wa helmeti alikuwa na ofisi, na askari, na daftari la kodi, na lipiko halikumpunguzia hata senti. Bibi alikuwa na pakiti ya sukari. Lakini ufundi wa kuchukua sura na kuacha jina tunaujua, na tuliufanya kwa furaha kubwa.

Katika mazungumzo hayo nilikumbuka vitabu viwili vilivyo katika kabati langu, na nikamtuma mpwa wangu avilete. Cha kwanza ni *Mabepari wa Venisi*, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya tamthilia ya Shakespeare, ya mwaka 1969. Cha pili ni *Mfalme Edipode* cha mwaka 1971, ambacho Samuel Mushi alitafsiri kutoka tamthilia ya Sophocles, Myunani wa kale kama Aeschylus. Mushi huyo alikuwa amekwisha kutafsiri *Makbeth* mwaka 1968. Tazama miaka hiyo vizuri. Wakati Pasolini yuko njiani akizitafutia hadithi za Kiyunani nyuso za Kiafrika, humu nchini Watanzania walikuwa mezani wakizitafutia ulimi wa Kiswahili. Edipode wa Mushi anaweza kuchezwa na mwanafunzi yeyote wa Mtwara, mrefu au mfupi, mwenye pua yoyote. Nimewahi kuichezesha shuleni, Edipode wangu akiwa kijana wa Kimakua mwenye kigugumizi ambaye kigugumizi chake kilipotea kila alipopanda jukwaani. Alikuwa mfalme kwa sababu alikuwa na maneno ya mfalme kinywani.

Mpwa wangu aliuliza kama Pasolini alijua habari za vitabu hivyo. Nikamwambia kwamba ndani ya sinema hakuna dalili.

Karibu na mwisho inakuja ngoma ya Wagogo. Pasolini aliipiga huko Dodoma, na akaitumia kuonyesha jinsi mizimu ya kisasi ilivyogeuka kuwa walinzi wema. Maelezo yake ni kwamba ishara hizi za mwili zamani zilikuwa na maana takatifu, na sasa watu wanazirudia kwa furaha tu, maana yake ya kale ikiwa imekwisha kutoka. Mpwa wangu alitutafsiria maneno hayo kutoka maandishi ya Kiingereza yaliyokuwa yakipita chini ya picha.

Mke wangu alikuwa ameinama mbele kiasi kwamba khanga ilimdondoka begani asijue.

"Nani kamwambia imekwisha kutoka?" akauliza.

"Ndivyo alivyoona, shangazi," mpwa wangu akajibu. Kwake yeye mke wangu ni shangazi, kwa mazoea ya nyumba yetu.

"Aliona wanafurahi. Mtu akifurahi ndiyo kasahau? Mimi nilicheza siku ya msiba wa baba yangu na nilicheza siku ya harusi yangu, mwalimu huyu shahidi. Amwulize mtu, basi. Si walikuwepo hapo, zaidi ya watu ishirini? Amwulize hata mmoja."

Hatukuwa na la kusema. Nikaenda ndani nikaileta kadi ya bibi, nikampa mpwa wangu, maana alikuwa hajawahi kuiona. Ni bibi wa mama yake, naye ana haki nayo kuliko kamusi yangu. Aliitazama kwa muda mrefu, mbele na nyuma. Nyuma hamna kitu, nafasi ya anwani tu. Akauliza jina lake. Nikamwambia. Akauliza na jina la mama yake bibi, nikamwambia hilo pia, nalo nililipata kwa kufikiri kidogo.

Mke wangu alikuwa bado na kompyuta. "Rudisha pale kwenye ngoma," akasema, "na huyo bwana mzimie sauti."

Tukamweleza kwamba sauti ikizimwa itazimika yote, na ngoma zenyewe hatazisikia. Akasema haidhuru. Ikarudishwa. Watu wa Dodoma wakaanza kucheza kimya kimya kwenye kioo kile kidogo, na mke wangu, kwa ncha ya kidole, akawa anawapigia mdundo juu ya mkono wa kiti.